Kaeni, Msihame

Patna, 29 Machi 1946

Munni, mdogo wangu,

Salamu nyingi, na dua juu yake. Najua mwanamke mjane, mwenye nyumba yake na mtoto mwenye ndevu, hapendi kuitwa jina la utotoni. Lakini wazee wetu wamekwisha wote. Nikiacha mimi kukuita Munni, nani mwingine atakuita? Mimi mzima, ila goti la kushoto linaniuma tangu kile kifungo cha mwisho. Bechan, mpishi wangu, bado anaunguza dengu, na bado anaapa kwamba kwao ndivyo zinavyopikwa.

Habari za uchaguzi nadhani zimekwishakufikia. Nimeshindwa, tena vibaya. Tangu siku ile nilipovua koti la uwakili nikalitia moto uwanjani mbele ya watu, Waingereza wamenifunga mara nne. Na leo Waislamu wa wilaya yangu wamempa kiti chao cha baraza mfanyabiashara wa ngozi ambaye hajalala rumande hata mara moja. Yeye anawaambia nchi igawanywe, Waislamu wachukue fungu lao. Mimi nawaambia nchi ni nyumba moja, ukijenga ukuta katikati ya chumba dari itatuangukia sote. Wameuchagua ukuta.

Usihuzunike. Siku ya mkutano wangu wa mwisho pale sokoni nilipokelewa vizuri. Vijana walinivika hata shada. Mzee kama mimi atake nini zaidi?

Tauqir hajambo? Mwambie mjomba wake anauliza kama bado anasoma sheria au ameamua kufuga njiwa.

Nakuachia amani ya Mungu,
Kaka yako Fasihuddin


Sayyidchak, 16 Aprili 1946

Bhaijan,

Na kwako amani, kaka yangu. Barua yako ilichelewa posta kwa sababu mpeleka barua alikuwa anaozesha binti, na alipoirudia kazi alikuwa bado na usingizi wa harusi. Huku wote wazima. Maembe machanga yamekuwa mengi, nimetia achari mitungi miwili, mmoja ni wako. Goti lako lipake mafuta ya haradali yaliyochemshwa na kitunguu saumu, lakini usimwachie Bechan ayachemshe.

Nimefurahi kusikia habari ya shada. Nimefurahi kweli. Lilikuwa la maua gani? Hukusema.

Tauqir hajambo, anasoma. Siku ya mkutano wako alikuwa na homa, akalala hapa kwangu kutwa nzima, ndiyo maana hakuja kukusikiliza. Mtu akikwambia vingine usimsadiki. Unawajua watu wa kwetu: ukikohoa upande huu wa kijiji, upande wa pili wanakuchimbia kaburi.

Jirani yetu Ramjanam Singh ametuletea guduria la sukari guru kutoka shambani kwake. Mkewe aliileta mwenyewe, akaketi, akatafuna tambuu. Akaniuliza, "Ni kweli kaka yako kaangushwa na Waislamu wenzake?" Nikasema ni kweli. Akacheka, "Basi aje agombee kwetu Wahindu, sisi tutampa!" Nikacheka naye. Alipoondoka niliingia ndani nikalia, na sijui kwa nini nakuandikia jambo hili.

Bhaijan, mkeo alipofariki wewe ukiwa gerezani, mimi ndiye niliyemwosha. Aliuliza habari zako mpaka alipoacha kuuliza. Wakati ule sikukuuliza neno. Leo nakuuliza: ilifaa?

Sughra


Sayyidchak, 17 Oktoba 1946

Bhaijan,

Salamu. Swali langu hukulijibu, nami sikulidai. Mvua imekuja na imekwenda, ukuta wa jikoni umeanguka na umejengwa, Ramadhani imepita, Idi nimeipika peke yangu kwa kuwa Tauqir alikuwa kwenye mikutano. Najua unajua ni mikutano ya nani.

Leo naandika kwa haraka. Tangu Wahindu na Waislamu walipouana kule Kalkuta mambo hayajakaa sawa, na sasa zimekuja habari za Bengali ya mashariki, kwamba Waislamu wa huko wamewachinja Wahindu. Sisi hatujawahi hata kuiona Bengali ya mashariki. Lakini juzi pale mnadani muuza mboga, ambaye nimenunua kwake tangu nilipoolewa, alinitupia vitunguu bila kunitazama usoni. Vijana wageni wanapita barabarani wakipiga makelele kwamba damu italipwa. Mfumaji Haji Mubarak anasema wote tuhame, tukangoje Asansol mpaka hali itulie. Tauqir naye kanishika miguu. "Amma, twende kwa baba mdogo huko Asansol. Tukirudi tukaikuta nyumba ipo, tutajicheka. Kujicheka kuna ubaya gani?"

Nimemwambia mjomba wake hajapata kunidanganya, tusubiri neno lake. Sasa kijiji kizima kinanitazama mimi, nami nakutazama wewe. Jibu haraka.

Sughra


Patna, 21 Oktoba 1946

Munni,

Amani kwako. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na najibu nikiwa nimesimama.

Kaeni, msihame. Leo hii nimeonana na mkuu wa polisi wa wilaya, ameniahidi askari. Nimempelekea Ramjanam Singh mjumbe, naye amejibu kwamba atakayetaka kuwagusa atapita kwanza juu ya mwili wake. Yule ni mtu wa neno. Tulifungwa pamoja mwaka wa thelathini, tukagawana blanketi moja. Mkihama leo, kesho wale wanaotaka kuikata nchi watasimama jukwaani waseme: mnaona? hata dada yake Fasihuddin kakimbia majirani zake. Basi kazi yangu yote itakuwa imekwisha, na kila kijiji cha Bihar kitafungasha.

Ijumaa nitakuja mwenyewe. Nitasema na watu baada ya sala. Mwambie Tauqir mjomba anakuja kula samaki.

Fasihuddin


Patna, 3 Novemba 1946

Munni,

Njia ya reli imekatwa na simu hazipiti. Nimekwenda kwa mkuu wa polisi, wananiambia hayupo. Kesho kutwa ni Idi. Niandikie neno moja tu. Hata Tauqir akiandika mgongoni mwa kipande cha gazeti, yatosha.

F.


Patna, 15 Novemba 1946

Munni,

Natuma barua hii Asansol kwa shemeji yako, kwa kubahatisha. Nilifika Sayyidchak pamoja na askari. Sitaandika nilichokiona. Sikukukuta wewe, wala sikuukuta mwili wako, na hilo ndilo tegemeo langu. Niliwauliza waliobaki, hakuna aliyetaka kusema nami. Ramjanam Singh hakufungua lango lake.

Kama u hai, tuma neno.

Fasihuddin


Asansol, 9 Desemba 1946

Bhaijan,

Ni hai. Barua yako ilifika zamani. Kalamu ndiyo ilinishinda. Shemeji na mkewe wananitunza vizuri, wananipa maziwa kama mgonjwa. Watu wa kwetu waliookoka wamejaa katika ghala la makaa hapa karibu na stesheni. Sijawaendea. Nitakwambia kwa nini.

Unakumbuka uliposimama kwenye ngazi za msikiti ile Ijumaa. Ulisema vizuri, Bhaijan, hujapata kusema vizuri vile. Watu waliokuwa wamekwisha funga mizigo waliifungua. Haji Mubarak alikuwa amekodi magari ya ng'ombe, akayarudisha kwa wenyewe. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nikijivuna.

Walikuja Alhamisi iliyofuata, jua likiwa utosini, kwa ngoma, kutoka upande wa mto. Sikupata kuona watu wengi kiasi kile. Askari wako walikuwa wawili. Walipoona vumbi walipanda baiskeli zao. Ramjanam Singh alitoka kweli, na fimbo yake. Nasema haki: alitoka. Walimsukuma kando kama mlango usiofungwa kitasa, wakapita.

Sisi tulikuwa tumejazana nyumbani kwa Haji, maana ndiyo ya matofali. Ndipo wakaja wafanyakazi wanne wa Ramjanam kwa mlango wa uani. Wakasema, "Dada yake Fasihuddin ni nani? Tumetumwa kumchukua." Wanawake wote wakanigeukia. Binti ya Haji alikuwa na mtoto wa kunyonya, akamnyoosha kwangu, akasema, "Shangazi, basi mchukue huyu." Yule mtu akasema, "Hapana. Tumeambiwa mmoja. Wakimwona na mtoto anayelia tutakufa sote." Nikasema siendi. Nikakaa chini, nikashika mguu wa kitanda. Tauqir akaja akanifungua vidole kimoja kimoja. Akasema, "Nenda, Amma. Mimi niko na wenzangu." Nikamwambia, "Twende wote, useme wewe ni mpwa wa Fasihuddin." Akacheka, Bhaijan. Akasema, "Na ndevu hizi?" Kisha akawaambia wale watu, "Mbebeni."

Walinivika sari ya mke wa Ramjanam na kunipaka rangi nyekundu ya ndoa ya Wahindu kwenye njia ya nywele, mimi mjane, nikaketi katika ghala lao la majani ya ng'ombe. Moshi niliusikia. Mengine sikuyasikia, na anayesema niliyasikia ni mwongo.

Nimebaki kwa sababu ni dada yako. Wale wamekufa kwa sababu walikusadiki. Sasa unajua kwa nini siendi kwenye ghala la makaa.

Sikulaumu. Sijasema nimekusamehe pia.

Sughra


Patna, 2 Januari 1947

Munni,

Amani kwako, kama mimi bado ni mtu wa kuwaombea wengine amani. Bechan anakusalimu. Ameacha kuunguza dengu. Siku hizi anapika kimya na anasimama mlangoni mpaka nimalize kula.

Nimeisoma barua yako. Nilianza kuijibu mara nyingi. Sitajitetea.

Nataka ujue jambo la Tauqir. Shada la ule mkutano wa Machi lilikuwa la viatu. Viatu vikuukuu, vimetungwa kwenye kamba. Kijana aliyekuwa ameshika ncha ya kamba alikuwa yeye. Macho yetu yalikutana. Uliponiandikia kwamba alikuwa na homa nilijua unajua, nawe ukajua kwamba najua, tukaiacha hapo. Niliona ni afadhali tudanganyane kuliko tumpoteze.

Ile Ijumaa, baada ya sala, alinimiminia maji ya kunawa kabla ya chakula. Akasema, "Mjomba, ile siku…" Nikamwambia, "Viatu vilikuwa vikubwa, mwanangu, hata kimoja hakikunitosha." Akacheka mpaka birika likamponyoka. Kisha akanong'ona, "Lakini mjomba, kwa hili la kukaa umekosea. Wewe unawajua wakubwa wao. Mimi nawajua wanaopita barabarani." Nikamjibu, "Ukiwa na umri wangu utaelewa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mtoto wako.

Tulipofika niliwatoa waliouawa kisimani kwa mikono yangu pamoja na askari. Nimemzika kando ya baba yake. Nilimtambua. Usiniulize vipi.

Nikaenda kwenye kikao cha chama chetu cha kudai uhuru. Nikawaambia wakubwa wenzangu, simameni, twende kijiji kwa kijiji tuwataje waliofanya. Wengine walilia pamoja nami, sitawanyima haki yao. Lakini mmoja, ambaye tumekula naye sahani moja gerezani, akasema kwa heshima zote, "Maulvi Sahib, ni jambo la kusikitisha, lakini kumbuka Bengali ndiyo iliyoanza." Nilichukua kofia yangu nikatoka. Nje kulikuwa na Waislamu vijana wananingoja. Wakatema mate miguuni pangu. Nikasimama pale kati ya mlango na mate, Munni, na sikuwa na mahali pa kwenda.

Nataka kuja kukuona. Nipe ruhusa tu.

Fasihuddin


Asansol, 8 Juni 1947

Bhaijan,

Barua zako tano zimefika. Nilizisoma zote. Ile ya Januari nilimsomea pia shemeji, mpaka pale pa birika, kisha nikashindwa.

Asante kwa kumzika.

Ruhusa sikukupa na sitakupa. Si kwa chuki. Nikikuona nitakuamkia, nitakuandalia chakula, nitakusikiliza, nawe utasema vizuri kama usemavyo, nami nitakubali. Nimekuwa nikikubali tangu nilipokuwa nacheza na watoto wa vitambaa. Kitu pekee kilichobaki changu ni huku kutokubali.

Redio imekwishasema nchi itakatwa. Shemeji amepata kazi katika reli kule Dhaka, upande utakaokuwa nchi ya Waislamu. Nakwenda nao. Tauqir aliitaka sana nchi hiyo, na mimi siitaki hata kidogo, na ni mimi nitakayeiona. Tunaondoka Jumanne ya tarehe ishirini na nne, kwa treni ya asubuhi. Nakwambia ili usije ukatuma barua huku zikapotea. Usije stesheni.

Sughra


Patna, 17 Agosti 1947

Munni,

Natuma kwa anwani ya ofisi ya reli ya Dhaka, nikiomba ikufikie. Nasikia mvua za huko ni kubwa. Natumaini mmepata nyumba yenye paa zima.

Nilikuja stesheni. Nisamehe. Nilitembea kando ya mabehewa ya wanawake nikikuita, mpaka mlinzi akaniuliza kama nina akili timamu. Hamkuwemo. Labda nilikosea treni, labda mliahirisha.

Juzi nchi imepata uhuru. Walinialika nipandishe bendera mbele ya ofisi ya wilaya. Nilitaka kukataa, kisha nikafikiri, nikikataa, basi wale wote walikufa kwa ajili ya nini? Nikaona aibu kwa kuwatumia hata hapo. Nikaenda. Nilikuwa nimefunga, ilikuwa ishirini na saba ya Ramadhani. Nimeiota siku ile kwenye sakafu ya saruji ya magereza manne, na nilidhani nitalia. Nilivuta kamba, bendera ikapanda, watu wakapiga makofi. Ndani yangu hapakuwa na kitu, Munni, kama kisima kilichokaushwa. Nilipokuwa nashuka ngazi, mtu katikati ya umati akapaza sauti: "Mzee, na wewe unangoja nini? Treni ya Pakistani ndiyo ile!" Wakacheka wale waliokuwa karibu naye. Hakuna aliyemkaripia.

Swali lako la mwaka jana, la mke wangu. Haikufaa. Ningekujibu mapema, lakini mapema sikuwa najua.

Nimeacha chama. Nahamia Sayyidchak. Chumba kimoja bado kina paa. Hakuna Mwislamu mwingine aliyerudi. Nitakuwa naadhini na kuswali peke yangu.

Fasihuddin


Dhaka, 4 Oktoba 1947

Bhaijan,

Salamu. Tumepata vyumba viwili vya Wahindu waliokimbilia Kalkuta. Kuna picha za miungu yao ukutani, na chungu cha wali waliouacha jikoni tulikikuta kimeota ukungu. Mke wa shemeji amezigeuza picha, zimetazama ukuta. Mimi nalala hapo. Nadhani kuna mwanamke mahali anayelala kwetu, au sijui. Nimechoka kufikiri.

Najibu barua yako kwa sababu umesema hatukuwemo, na sitaki ufe ukiwa na uongo wangu.

Tulikuwemo. Behewa la tatu, nilikuwa dirishani, burka nimeishusha. Nilikuona toka mbali, kwa jinsi unavyoburuta lile goti. Umekonda. Kanzu yako ilikuwa imefungwa vifungo vibaya, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Ulikuwa unakwenda dirisha kwa dirisha, unaita, "Munni! Munni!", mzee mzima, na wanawake wakijifunika na kucheka. Ulisimama mbele yangu. Ungeinua mkono ungenigusa. Ulinitazama pale pale penye macho, ukaita jina langu, ukangoja.

Mwanamke aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Huyu mzee anamtafuta nani?"

Nikamwambia, "Simjui. Labda amepotelewa na mtoto."

Ukasogea dirisha la pili. Nilitaka kuinua pazia la uso, Mungu ni shahidi wangu, mkono ulifika mpaka kidevuni. Kisha nikaviona vidole vyangu, nikakumbuka nani alivifungua, na mkono ukarudi chini wenyewe. Treni ilipoanza kwenda ulikuwa umegeuka, umetazama behewa jingine, na hukumpungia mtu yeyote.

Usiadhini kwa sauti kubwa huko. Uko peke yako.

Sughra